Koo la Kuazima

3 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Habari za huko, na goti linasemaje? Sisi tu wazima. Baba watoto alikuwa na jino bovu, likang'olewa, sasa analalamikia pengo kama alivyolilalamikia jino. Wajukuu zako wamerudi shule, na zile sare ulizowashonea Desemba zimeshaanza kupanda juu ya magoti, kwa hiyo jiandae.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Kazi yangu unaijua: nasafisha filamu za zamani. Zinatoka kwenye makopo ya bati zikinuka siki, nazifuta kipande kwa kipande kwa kitambaa laini, halafu zinanakiliwa kwenye kompyuta zisipotee. Novemba nilipewa kopo lenye kutu, filamu ya pepo ya miaka arobaini na moja iliyopita. Mke kijana anafungua sanduku la marehemu, anavaa gauni jeupe analolikuta humo, na mwenye gauni anamwingia mwilini. Nilikuwa naitazama huku nakunywa chai. Ukatokea wewe. Chai yote niliimwaga mapajani.

Mama Mdogo! Miaka yote umeniambia uliwahi "kushonashona kidogo" nguo za filamu. Hukusema ulilivaa hilo gauni ukapandwa na pepo humo humo.

Mkuu wetu aliiweka mtandaoni wiki tatu zilizopita. Watu elfu arobaini wameshaitazama, na wameandika maoni yao chini yake. Najua wewe na simu hampatani, kwa hiyo nimeyachapa, kurasa nne, ziko humu ndani. Usiogope, wengi wanakusifu.

Ila kuna jambo linawagombanisha, nalo ni ile sauti. Unapofungua mdomo pale sebuleni na kusema, "Sitoki. Hapa ni kwangu," inatoka sauti nzito ya kukwaruza, na wewe ulikuwa mwembamba kama ufito. Uliifanyaje? Niambie niwajibu.

Tuliitazama na watoto Jumamosi mchana, wao wakajificha nyuma ya kochi, mimi nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa mdogo, kila nikicheka hivyo, ulikuwa unainuka unatoka nje. Sijui kwa nini hilo lilinijia.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu Maswali,

Barua yako ilifika jana kwenye sanduku la posta la shule, na mwalimu mkuu akaniletea kwa mkono wake mwenyewe. Si kwa mapenzi. Alikuja kuulizia sketi thelathini ambazo sijazigusa. Goti lipo, linaniambia hali ya hewa kabla ya redio. Mwambie mkwe wangu pengo halitafuniwi nyama.

Hizo kurasa zako nimezisoma kwa miwani na bila miwani, na nusu yake sijaielewa. Kuna mtu ameandika, "Mimi wa kwanza." Wa kwanza wa nini? Kulikuwa na mashindano? Mwingine ameandika, "Nimekufa," halafu siku ya pili huyo huyo kaandika tena, mzima kabisa, anaulizia filamu nyingine. Mwingine ameandika saa tu, 41:07, basi, kama mtu anayesubiri treni. Na watu mia mbili wamekubaliana naye! Wamekubaliana nini?

Lakini mtu akikuandikia unamjibu. Ndivyo nilivyolelewa. Nimewajibu hapa, wapelekee.

Huyo aliyeona mzimu nyuma ya pazia: ule ni mkono wa fundi wa taa. Alikuwa anakula ndizi.

Huyo anayeuliza gauni lilinunuliwa wapi: halikununuliwa. Nililishona kwa siku nne kutokana na pazia la ukumbini. Mimi nilikuwa mshonaji wao tu. Mwigizaji wao, aliposikia kwamba atalazwa ndani ya sanduku, alichukua begi lake akaenda zake. Na gauni nilikuwa nimeshalikata kwa kipimo changu, maana nilikuwa nalijaribishia mwilini mwangu. Wakatafuta wa kuenea humo, wakaniona mimi nimesimama na pini mdomoni.

Huyo anayesema sijui kuigiza: ni kweli.

Huyo aliyekufa: pole kwa familia.

Na mbona katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyesema neno juu ya mshono wa mabegani? Mshono ule ulinitoa jasho.

Huku mvua imekawia na vumbi linaingia hadi kwenye cherehani. Wasalimie wote.

Mama yako mdogo


6 Machi

Mama Mdogo,

Sina mbavu. Majibu yako nimeyaweka kama yalivyo, na watu wamechanganyikiwa kwa furaha. Wanakuita Bibi Gauni. Yule wa "nimekufa" ameandika kwamba familia imepokea rambirambi zako. (Maana yake alicheka sana, Mama Mdogo. Hakuna maiti.) Na mtu mmoja hatimaye ameusifu mshono wa mabegani. Sikumtuma, naapa.

Hapa tu wazima. Mdogo wao ana mafua, mkubwa ana kiburi, vyote vitapita.

Ila nimegundua kitu. Nilikuuliza habari ya sauti, ukanijibu habari ya mvua. Huenda ulisahau. Huku nako ubishi umezidi. Mmoja anasema ni mwanamume amejificha chini ya meza. Mwingine anasema ni mtambo. Mwingine, na huyu ana wafuasi, anasema si sauti ya binadamu, ni pepo wa kweli aliyeingia kwenye kipaza sauti, ndiyo maana haikuandikwa popote nani aliitoa. Mimi nimewatazama hao wote na sijui niko upande gani. Nimesikiliza pale sebuleni mara ishirini. Kinywa ni chako. Sauti kila nikiisikiliza nahisi naijua, halafu nahisi siijui kabisa.

Nimekuchapia mapya. Kuna mmoja anasema unaigiza kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Na mmoja mkali zaidi, nisamehe, nimeweka yote kwa sababu sitaki kukuficha kitu: "Uso unavutia, lakini sauti ya pepo ni debe bovu linaloburutwa. Aliyeitoa angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo."

Niandikie haraka. Watu wanasubiri jibu lako kuliko filamu yenyewe.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Huyo wa sindano mpe hongera, ana jicho. Nilikuwa nimeangusha pini na nilikuwa pekupeku. Hofu yote mnayoiona usoni mwangu ni hofu ya ile pini.

Lakini huyo wa debe. Mwambie mimi mzee wa miaka sitini na mitatu namwambia afunge mdomo wake. Mimi anitukane atakavyo, niliingia humo kwa ajili ya gauni. Ile sauti isitukanwe. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na mwenye nayo hawezi kuja kujitetea huko mtandaoni kwenu. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno.

Leo siandiki zaidi.

Mama yako mdogo


2 Aprili

Mama Mdogo,

Natumaini hii inakukuta salama.

Nimeisoma sentensi yako labda mara kumi. "Mwenye nayo hawezi kuja kujitetea." Kwa hiyo si yako. Na mwenye nayo hayupo. Sikuiweka mtandaoni. Nilikaa nayo mfukoni siku nzima kazini, nikafuta filamu nyingine kabisa upande usiotakiwa, mkuu akaniuliza kama naumwa.

Halafu juzi mtu anayejiita Fundi Mstaafu ameandika hivi, nanakili: "Mnabishana bure. Mimi ndiye niliyenasa sauti. Haikuwa ya yule dada wa gauni. Ilikuwa ya dada yake mkubwa. Alikuwa mjamzito wa miezi minane, tukamletea kiti chenye mto. Mungu amweke panapostahili kama ametangulia."

Mama Mdogo, dada mkubwa ulikuwa naye mmoja tu.

Mimi natimiza miaka arobaini na moja mwezi ujao. Hesabu hii hata mtoto wangu mdogo mwenye mafua anaiweza. Lakini mimi naifanya, naifuta, naifanya tena. Unajua nilicho nacho cha mama yangu: picha mbili, ambazo katika moja amefumba macho, na kitambaa cha kichwa. Nyumbani mlinisimulia alivyopika, alivyotembea, alivyosuka nywele. Hakuna hata mmoja, si Bibi wala wewe, aliyewahi kunisimulia alivyoongea. Nilidhani ni kitu ambacho watu husahau tu.

Ni yeye? Sema ndiyo au hapana. Usiniambie habari ya mvua.

Mwanao


10 Mei

Mama Mdogo,

Wiki ya sita hii. Nimempigia jirani yako, akasema alikukuta njiani, u mzima, unashona, na umemwambia una kazi nyingi. Sijui nikasirike au nikuombe radhi.

Nimekwenda chini kwenye ghala. Kuna kopo la pili, dogo, lina namba ile ile ya filamu. Ndani yake mna utepe wa sauti ya siku ile waliyonasa maneno ya pepo, wote mzima, kabla hawajauchezea kwenye mitambo. Nimelifungua kopo, nikanusa, nikalifunga. Sitausikiliza kabla hujaniambia. Nimekulia mikononi mwako, siwezi kukuzunguka.

Lakini usinifanye nisubiri hadi nizeeke.

Mwanao


22 Mei

Mwanangu,

Shule ilifungwa, na hii barua yako ya pili ililala ofisini kwa mwalimu mkuu hadi jana. Hiyo ni kweli. Lakini ya kwanza niliipata siku wanafunga. Niliiweka chini ya kitambaa cha cherehani, na kila siku nilikuwa nashona juu yake. Nisikudanganye.

Ni yeye.

Sikiliza, nitaandika mara moja tu na sitasoma tena kabla ya kuituma. Siku zile picha zilipigwa kimya. Sauti zilikuja kutiwa baadaye, ndani ya chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani. Nikasimama mbele ya kipaza sauti, nikasema, "Sitoki, hapa ni kwangu," na chumba kizima kikaangua kicheko. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga. Mwenye filamu akasema atatafuta mtu. Mimi nikaona aibu, nikaona filamu yangu inanitoka, nikasema: dada yangu anaweza. Maana mama yako alikuwa anaiga kila mtu. Alimwiga baba yetu akiita kutoka uani, na sisi tukaitika. Nilikwenda kumchukua mwenyewe. Tumbo lilikuwa hapa.

Akafanya. Wao baadaye wakaipunguza kasi kwenye mtambo ndipo ikawa nzito vile mnavyoisikia. Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, na ninachokumbuka ni kimoja: namwambia, "Rudia, dada. Rudia." Nilitaka filamu iwe nzuri. Nilitaka watu wanijue. Akarudia hadi sauti ikamkauka, akarudi nyumbani ananong'ona. Siku ya kumi na tisa ukazaliwa wewe, na yeye akaondoka.

Daktari alisema damu. Mama yetu, bibi yako, akasimama mlangoni akaniambia, "Umechukua koo la mwenzio ukampa pepo, na halikurudishwa. Wewe ndiye uliyemwambia arudie." Mbele ya watu. Hakulisema tena maisha yake yote, na hakuhitaji. Mimi namwamini daktari. Nikiwa nashona namwamini daktari. Nikiacha kushona sijui namwamini nani. Pepo wa pazia na sanduku, tena gauni nimelishona mwenyewe, wa kumdhuru mtu? Ni upuuzi. Na hata hivyo miaka arobaini sijaimba, sijamwiga mtu, na sijawahi kuitaja sauti yake.

Kwa hiyo sasa unajua. Ukiufungua huo utepe utanisikia nikimwambia mama yako arudie. Ndiyo maana sikutaka. Si kwamba nilikunyima yeye. Nilijificha mimi mwenyewe.

Fanya unavyoona. Ni mama yako.

Mama yako mdogo


14 Juni

Mama yangu mdogo,

Hujambo? Sisi hatujambo. Naandika hayo kwa sababu mkono umezoea.

Nimeusikiliza. Ijumaa asubuhi, ofisini, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Mkuu wangu alinipa saa mbili bila kuuliza.

Mwanzoni nilichanganyikiwa. Wanawake wawili wanaongea kwa pamoja, wanacheka, kiti kinaburutwa, mwanamume anasema "kimya jamani," na mimi sijui nani ni nani. Ikabidi nikutafute wewe kwanza. Sauti yako ninaijua, hata ikiwa ya kifaranga. Nilipokupata, aliyebaki akawa yeye. Sikuwahi kufikiri ningemjua mama yangu kwa njia hiyo.

Sasa nataka usome polepole. Nimeandika kila neno, nimerudisha utepe nyuma mara nyingi kuhakikisha, kwa sababu nilichosikia hakilingani na ulichoniandikia, na nilidhani mimi ndiye nimekosea.

Fundi anasema, "Ya kwanza." Yeye anasema, "Sitoki. Hapa ni kwangu." Fundi anasema imetosha, nzuri. Na wewe unasema, "Umeona, dada? Twende."

Yeye anasema: "Nzuri wapi? Pepo gani huyu anaongea kwa adabu kama anaomba maji? Rudieni."

Ya pili. Ya tatu. Baada ya ya tatu wewe unasema, "Dada, basi, kaa chini." Yeye anasema, "Rudia." Ya tano unasema, "Basi, umechoka, nitaambiwa nini nyumbani?" Yeye anasema, "Utaambiwa una dada fundi. Rudia." Ya saba mwenye filamu mwenyewe anasema imetosha. Yeye anamwambia asubiri. Ya nane unalia, nadhani, maana anasema, "Na wewe nyamaza, unaniharibia pepo wangu."

Mama Mdogo, zipo kumi na moja. Neno "rudia" limo mara tisa, na zote tisa ni zake. Wewe umesema "basi" mara saba. Nimehesabu kwa kuchora vijiti, kama mtoto. Hakuna mahali, mwanzo hadi mwisho, uliposema arudie.

Baada ya ya kumi na moja anasema, "Haya. Hiyo ndiyo. Hata huyu humu ndani ameruka." Halafu anacheka.

Nilizima mtambo. Nikakaa. Nikauwasha, nikasikiliza tena hapo mwisho peke yake. Mama Mdogo, hicho ni kicheko changu. Chote, mpaka pale mwishoni kinapokatika kama mtu aliyepaliwa. Nikaelewa kwa nini ulikuwa unatoka nje.

Mtandaoni bado wanabishana. Hata baada ya Fundi Mstaafu kusema, nusu yao wanasema anatia chumvi. Sijawajibu. Hili si langu kulijibu.

Mwanao


29 Juni

Mwanangu,

Hii nimeianza mara nne. Mwalimu mkuu amekuja kuchukua sketi, akakuta nimezishona zote na zipu nyuma badala ya pembeni. Amezichukua hivyo hivyo.

Sielewi. Nakumbuka mdomo wangu ukisema "rudia." Nakumbuka mpaka harufu ya yale mablanketi. Miaka arobaini nimejisikia nikisema, na wewe unaniambia mtambo haukunisikia. Nimejiuliza, basi ni nani aliyeniambia nilisema? Mama. Alisema pale mlangoni, na mimi nilikuwa nimesimama na wewe mikononi, una siku moja, na nikajibu, "Ndiyo." Nilikuwa siwezi kumwambia mama aliyefiwa kwamba mtoto wake alijitakia. Labda nilianza kukumbuka kuanzia hapo. Sijui. Usiniulize, kwa mara moja katika maisha yako usiulize.

Jana nilimkasirikia dada yangu hadi nikapiga meza. Mbishi! Miezi minane, miguu imevimba, anambishia mwenye filamu! Kisha nikakaa nikalia, na sijui kama nilikuwa nalia kwa ajili yake au kwa ajili ya yule msichana wa gauni aliyesema "basi" mara saba akasahau zote saba.

Watu wako wajibu hivi. Sauti ya pepo ni ya dada yangu. Hakulazimishwa na mtu, na hakumwazima mtu koo. Aliingia na lake akatoka nalo. Yule wa debe mwambie asikilize tena, ile waliyoichagua ni ya kumi na moja. Na yule mwenye pepo wa kweli mwambie afadhali angekuwa pepo, pepo husikia akiambiwa toka.

Usinitumie huo utepe kwa simu ya jirani wala kwa mtu yeyote. Nakuja mwenyewe Jumanne, na basi la asubuhi. Goti litanyamaza. Mwambie mkuu wako anahitajika kuongeza kiti humo ofisini, chenye mto.

Na nikishuka, mwanangu, usinipokee kwa kulia. Nicheke mimi na begi langu nililolishona kwa pazia, nicheke na miwani, tafuta chochote. Cheka kwa sauti kubwa. Safari hii sitoki nje.

Mama yako mdogo